Asali Isiyopita Dukani

Nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Mandewa na kiberiti mfukoni, mkachovya njiti kwenye asali yangu na kuiwasha eti mjue kama ni halisi, nawaambia mapema kwamba kiberiti chenu hakinitishi. Njiti ikiwaka mnasema safi, isipowaka mnaniita mwongo, kumbe mmeilowesha wenyewe kwa jasho la mkono. Nimeshika asali tangu Mwingereza yuko bomani Manyoni mpaka vidole vikakataa kukamua. Ukitaka kuijua asali, acha njiti, uliza nani kaivuna na yeye kabaki na nini. Swali hilo mnalikwepa kwa sababu mkishajua jibu mtaona aibu kuniambia, "Bibi, punguza."

Mimi ni Mariamu, Mnyaturu, mtoto wa Mungaa. Niliolewa upande wa Manyoni, kijiji cha porini, mwendo wa nusu siku kwa miguu mpaka stesheni. Mume wangu Hamisi alikuwa mrina asali, yaani mtu wa kutundika mizinga juu ya miti na kwenda kuivuna msimu ukifika. Wengi mnadhani kazi ile ni kupanda mti tu. Nyuki wa pori lile walikuwa wakali kiasi kwamba Hamisi alishuka siku moja jicho limefumba kabisa, nikamwambia apande tena akafumbe la pili ili uso uwe sawa. Hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, nikampaka majivu.

Lakini mimi kazi yangu ya kwanza haikuwa porini. Ilikuwa uani kwa mwenye duka mmoja pale Manyoni, aliyekuwa akinunua asali ya warina wote wa pande zetu na kuiuza kwa watu wa mjini. Jina lake silitaji, wajukuu zake hawana kosa. Alikuwa mtu wa tabasamu, anajua kuuliza habari za watoto kwa majina yao. Mimi nilichuja, nilipima, nilifagia, na kwa ajili ya umbali siku za kazi nililala huko huko uani.

Alikuwa na madebe mawili. Yalikuwa ya mafuta ya taa, yamekatwa juu na kutiwa mti wa kushikia. La kununulia asali lilikuwa limegongwa kitako mpaka kikatoka nje kama tumbo la mtoto aliyeshiba, na ili lisimame wima alilikalisha kwenye kishimo alichochimba mchangani. Mrina haoni kitu, anaona debe limesimama. La kuuzia lilikuwa limegongwa kitako kikaingia ndani. Sasa mnataka kujua nani aliyagonga. Niliyagonga mimi. Nilipewa nyundo, nikaambiwa gonga hapa, nikagonga. Nikapewa pia sukari guru niipike na maji, nikoroge ndani ya asali ya kuuza, nikakoroga. Siku ya Idd nikapewa doti ya kanga, nikavaa na kutamba nayo kijijini.

Basi Hamisi akaja na asali yake. Mwenye duka akaniachia nimpimie mwenyewe, nadhani alitaka kunijaribu. Nikampima mume wangu kwa debe lile lile. Asali tulikuwa tukibebea kwenye vilindo, yale makopo makubwa ya gome la mti, na nikaona kilindo kizima kinaisha na debe halijajaa. Hamisi akasema, "Ajabu, mwaka huu asali imesinyaa." Nikaendelea kumimina. Tulirudi nyumbani pamoja, jioni nikamchinjia kuku, akaniuliza tuna mgeni gani.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Ntandu, mtu aliyemfundisha Hamisi kurina. Alifika uani na punda wake, akaniitikia shikamoo yangu, halafu kabla sijamimina akaingiza mkono ndani ya debe tupu. Akapapasa kitako polepole. Akautoa mkono, akaufuta kwenye shuka.

"Binti yangu," akasema, "debe hili lina mimba. Ya nani?"

Mwenye duka akacheka sana. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Na msidhani niliacha kazi siku ile, kwa sababu wazee wengi wakisimulia hujifanya waliacha siku ile ile. Mimi nilikaa mwezi mzima zaidi, nikigonga na kukoroga, mpaka usiku nikawa silali. Nilipoacha nikamwambia Hamisi kila kitu. Hakunipiga, hakunifokea. Siku mbili hakusema na mimi, ya tatu akaniambia nimtafutie kamba yake ya kupandia mti.

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi wa Mzee Ntandu. Alinifundisha kwamba asali iliyoiva ni ile ambayo nyuki wenyewe wameifunika kwa nta, ukiwahi kuvuna sega lisilofunikwa itachacha na utaisingizia mvua. Alinifundisha chombo kikiwa na unyevu hata kidogo asali inaharibika, na kwamba asali hunyonya harufu ya jirani yake, ukiiweka karibu na vitunguu utauza vitunguu. Alinikataza kukomba mzinga mpaka mwisho. Nyuki waachiwe masega ya nyuma, wao ndio wenye nyumba.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Mvua zilikuwa haba, miti haikuchanua vizuri, mizinga mingi ikawa mitupu. Ungetegemea kitu kikiwa kichache bei ipande. Mwenye duka akaishusha. Alijua kodi ya kichwa imefika mlangoni na mwanamume asiyelipa atakamatwa akavunje kokoto barabarani. Alijua pia hatuna pa kwenda.

Jumatatu moja Hamisi akarudi kutoka Manyoni na blanketi la kijivu begani.

"La nini hilo na joto hili?" nikamwuliza.

"La Tanga."

"Tanga kuna baridi?"

Nilishaelewa. Kulikuwa na karani wa manamba pale stesheni, akiandika wanaume wa kwenda kukata mkonge. Ukiandikwa jina unapewa blanketi. Jumamosi unakuja nalo stesheni, unatiwa kidole gumba kwenye wino, unapanda behewa. Wa kijiji chetu waliotangulia, wawili walirudi wakikohoa na mmoja hakurudi. Sisi tulikuwa na watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Nikamwuliza, "Na asali iliyomo ndani?"

"Nikimpa mwenye duka kwa bei yake haifiki kodi. Nimeshahesabu."

"Nani kakuambia tumpe mwenye duka?"

Issa, mdogo wake Hamisi, alikuwa amekaa pale nje na blanketi lake. Yeye alikuwa ameshapeleka asali yake yote dukani asubuhi ile, haikutosha, akaandikisha jina. Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, duka lipo kila siku," akasema. "Mkikosana naye, mwakani mtamuuzia nani?" Swali lake lilikuwa zuri. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu mimi inatembea.

Pale Manyoni kulikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli. Waliishi humo watu wa kila kabila, Wakristo na Waislamu, watu wa mshahara, na wake zao ndio walikuwa wakinunua asali dukani kwa ajili ya uji wa watoto na kikohozi. Nikawaza: hawa ndio walaji wenyewe, kwa nini nisiwafuate mlangoni? Mzee Ntandu akakubali nipeleke na ya kwake. Akanipa na punda.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa, na lilitokana na adabu. Kwetu porini asali ya mtu unayemheshimu unaifunika juu kwa sega lenye watoto wa nyuki, wale weupe, wanono, laini. Ndiyo heshima yenyewe. Mtu akiliona anajua asali haikupikwa wala kutiwa maji, imetoka mzingani moja kwa moja, tena watoto wale wana utamu wao. Mzee Ntandu alichagua masega hayo kwa mkono wake, akaweka juu ya kila kilindo, akasema, "Wakiona haya watajua tumewathamini."

Jumanne nikabisha hodi nyumba ya kwanza. Mwenyewe alikuwa Mama Elizabeti, mke wa karani wa stesheni, Mnyiramba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Nikafungua kilindo kwa fahari.

"Mama," akasema, "asali yako ina funza."

"Si funza, ni watoto wa nyuki."

"Wanachezacheza."

"Ndiyo uzima wenyewe," nikamwambia, nikamega kipande nikakitia mdomoni nikatafuna mbele yake ili aone. Mwanamke yule alishuka ngazi za baraza lake mwenyewe akaenda kutema mate kwenye maua. Majirani wakatoka, mmoja akachungulia, akapiga yowe, na mpaka jua linasimama utosini hakuna mlango uliofunguliwa. Nikapita mbele ya duka na punda na vilindo vyangu vimejaa vilevile. Mwenye duka alikuwa kibarazani na wateja wake. "Mariamu," akaniita, "umewapelekea mabibi wa reli funza?" Wakavunjika mbavu. Nilitembea nusu siku nzima nikilia kwa hasira, punda shahidi.

Mzee Ntandu aliumia kuliko mimi. "Wamelikataa sega?" aliniuliza mara mbili. Nikamwambia wamelikataa. Akasema, "Basi toa. Tutakula sisi, wao hawana bahati." Tukala sisi.

Jumatano tukakamua yote upya. Tulichuja kwa kitambaa cha marikani, tukafunika, tukaiacha juani povu lipande, tukaengua. Hamisi alinisaidia. Blanketi alilining'iniza ukutani, na kila nikipita nilikuwa naliona. Kazi ile haina haraka, povu likikataa kupanda huwezi kulilazimisha. Ijumaa alfajiri ndipo ilipotulia na kung'aa, na treni ilikuwa Jumamosi.

Nilipofika tena kwa Mama Elizabeti alisimama mlangoni kunizuia. "Asali tena?"

"Shikamoo mama. Leo nimekuja na nyundo."

Nadhani nyundo ndiyo iliyowatoa wenzake nje. Nilikuwa nimekuja na madebe mawili makuukuu, sawa kwa sawa. Nikayageuza pale uani, moja nikaligonga kwa ndani mpaka kitako kikatoka nje, la pili nikaligonga kwa nje mpaka kikaingia ndani, kama nilivyofundishwa. Nikachimba kishimo, nikasimamisha la kwanza, nikalijaza maji pomoni. Halafu nikamimina yale maji kwenye la pili. Likajaa. Maji yakamwagika, yakaendelea kumwagika, kuku wakaja kunywa.

"Hili la kwanza ndilo tunalopimiwa sisi," nikasema. "Hili la pili mnapimiwa nyie. Hayo yanayomwagika ni asali ya mume wangu. Na hapo sijatia sukari guru."

"Umeyajuaje haya?" Mama Elizabeti akauliza.

Hapa ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, njia nzima nilikuwa natunga. Lakini nilimtazama usoni nikaona huyu atajua. "Kwa sababu niliyagonga mimi," nikamwambia. "Na sukari guru niliikoroga mimi. Asali mliyowapa watoto wenu kwa kikohozi, nyingine ilikuwa maji matamu, na yalikorogwa kwa mkono huu."

Mke wa fundi wa injini akasema aitwe askari.

"Kumbe mwizi ni wewe," Mama Elizabeti akasema.

"Nilikuwa. Aliyenituma yuko pale dukani, na kila siku mnamsalimia."

"Sasa leo nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Leta jagi lako upime kwa jagi lako. Onja kila kilindo. Hiki ni cha Hamisi, mume wangu. Hiki ni cha Mzee Ntandu. Ukikuta maji ndani unajua jina la mtu na kijiji chake, njoo utugombeze. Dukani utamgombeza nani?"

"Bei yako iko juu ya dukani."

"Iko juu, na sipunguzi." Nikaweka mkono juu ya kilindo cha Hamisi. "Kesho mume wangu anapanda behewa la manamba kwa ajili ya bei ya dukani. Wewe ukinunua kule unapata nafuu, yeye anapata blanketi. Mimi siombi sadaka, mama. Nauza kitu kizuri kwa bei ya kumwezesha aliyekivuna alale nyumbani kwake. Hutaki, sema nikajaribu nyumba ya pili."

Aliingia ndani na kukaa muda mrefu. Nikaanza kuokota madebe yangu. Kisha akatoka na jagi la enameli, jeupe lenye ukingo wa bluu, analifuta ndani kwa pindo la kanga mpaka likakauka. "Kilindo cha mumeo kwanza," akasema.

Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu na chombo chake, kila mtu akionja kwa kidole na kuuliza hiki cha nani. Mke wa fundi wa injini hakununua, wala hakununua tena mpaka mumewe alipohamishwa, na sikumlaumu, nilikuwa nimemtendea ubaya kweli. Jua likiwa limeelekea magharibi mwenye duka akaja mpaka kwenye uzio. Hakuwa na tabasamu. "Leo umeuza," akaniambia. "Mwakani nani atakununulia?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Elizabeti akajibu, "Sisi."

Mnaniuliza siku hizi, bibi, mtu mmoja mnunuzi anaweza kubadilisha nini. Mimi sikusoma, lakini nilikuwepo. Nyumba za reli hazikuwa nyingi, na wanawake wale hawakuwa matajiri. Walifanya jambo moja tu, waliuliza hiki cha nani na wakakataa kununua kisicho na jibu. Mwenye duka hakuogopa boma, hakutuogopa sisi warina. Wao aliwaogopa.

Jumamosi nilikwenda stesheni na Hamisi. Hati ya kodi alikuwa nayo mfukoni, ameipata asubuhi ile. Akalikunja blanketi vizuri, akaliweka juu ya meza ya karani wa manamba.

"Jina lako limo kitabuni," karani akasema.

"Lifute."

"Halifutiki."

"Basi liende Tanga lenyewe," Hamisi akasema, akaondoka. Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, na nilimpenda upya siku ile.

Issa alikuwa ameshapanda. Alikuwa dirishani na blanketi shingoni. Nikamsogelea, sikujua niweke wapi macho.

"Shemeji, walinunua kweli?"

"Walinunua."

"Na yangu wangenunua?"

Nikamwambia wangenunua. Akatikisa kichwa, akasema tusiache mizinga yake iliwe na mchwa. Treni ikaondoka.

Issa hakurudi. Iliyorudi ni habari, ililetwa na mtu wa Kintinku aliyekuwa naye kambi moja. Homa, akasema, siku tatu tu.

Msimu uliofuata Hamisi alivuna mizinga ya mdogo wake, nami nikapeleka kilindo cha asali hiyo Manyoni pamoja na vingine. Mama Elizabeti alitoka na jagi lake, akaonja, akasema ni tamu kuliko zote. Kisha akauliza kama kawaida yake, "Hiki cha nani?"

"Cha Issa, shemeji yangu."

"Huyu mgeni, sijawahi kumsikia. Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamweleza. Akalishika jagi kwa mikono miwili, asilisogeze nimimine. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, asali ya Issa ya mwaka uliopita ilikwenda wapi.

"Mliila, mama," nikamwambia. "Mliinunua dukani wiki ile, kabla sijaja na nyundo."

Aliliweka jagi chini akaanza kulia. Sikumbembeleza. Na nyie siwabembelezi.